Deki yangu ya Blu-ray inasumbua na kampuni ilishafunga: nitengeneze, ninunue nyingine au nihamie strimingi?

"Mtaalamu shikamoo. Niko Dar, Tabata. Mwaka 2017 kaka yangu aliyeko Uingereza aliniletea deki ya Oppo UDP-203 na nimeitunza kama mboni ya jicho. Inasoma CD, inasoma DVD, ila filamu za 4K ilianza kuchelewa kuzisoma, baadae ikawa inagoma katikati ya filamu, sasa hivi inazunguka weee mwisho inaandika hakuna diski. Fundi mmoja Kariakoo kasema leza imekwisha, anataka laki nne na nusu aagize China. Mwingine kasema anaipandisha leza nguvu kwa elfu thelathini. Kijana wangu yuko chuo, ananiambia niuze kila kitu ninunue boksi la strimingi maana hata Sony wameshaacha kutengeneza Blu-ray. Rafiki yangu naye ananishawishi ninunue CD player ya milioni tatu eti ndio nitasikia sauti halisi. Nina CD kama 300, nyingi taarabu na dansi la zamani, na Blu-ray kama 40. Ni kweli mambo ya diski yamekwisha? Mbona kampuni nzuri kama ile ilifunga? Nifanyeje?"

Marahaba ndugu yangu, na pole kwa usumbufu. Kabla sijaanza maelezo naomba jambo moja tu, huyo fundi wa elfu thelathini usimpelekee deki yako. Sababu nitakupa huko mbele, ila kama ulipanga kwenda kesho asubuhi, sitisha kwanza.

Ninavyokuelewa, linalokusumbua sio deki peke yake. Unaogopa kuweka hela kwenye kitu kilichokwishakufa, na unaogopa pia kutupa kitu ambacho kesho utakilia. Hofu zote mbili zina msingi, na watu wote wanne wanaokushauri kila mmoja ameshika kipande chake cha ukweli, ndio maana umechanganyikiwa.

Tuanze na kijana. Habari ya Sony kaisikia kweli ila kaishika nusu. Mwezi wa pili 2025 Sony walisimamisha kutengeneza Blu-ray tupu, zile za kurekodia mwenyewe, pamoja na diski ndogo za muziki za MiniDisc na kaseti za kamera za MiniDV. Hizo Blu-ray tupu ndizo Wajapani wengi walikuwa wanarekodia vipindi vya tivii nyumbani. Filamu zilizochapwa kiwandani ni habari nyingine kabisa, zinaendelea kutoka, za 4K nazo zinaendelea kutoka, na deki za kuzichezea bado zinauzwa. Kwa hiyo diski haijafa.

Ila mwelekeo kijana hajakosea. Oppo, upande wao wa deki, walitangaza mwezi wa nne 2018 kwamba hawatengenezi tena deki mpya, na wakati huo ndio walikuwa wanasifiwa kuliko wote. Mwezi wa pili 2019 Samsung nao wakasema hawaleti tena deki mpya za Blu-ray Marekani, na hao ndio waliotoa deki ya kwanza ya 4K kule mwaka 2016, yaani miaka mitatu tu wakachoka. LG wakatoka 2024. Netflix, ambao walianza kwa kutuma DVD kwa posta mwaka 1998, walituma ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023. Mwaka 2024 maduka ya Best Buy, makubwa kabisa ya elektroniki kule Marekani, yakaacha kuuza filamu za diski. Waliobaki wa kueleweka kwa upande wa deki za 4K ni Panasonic na Sony, afu kuna Magnetar kwa wenye hela zao.

Sasa unauliza mbona kampuni nzuri ilifunga. Hapa naomba tukae kidogo maana ukilielewa hili, maamuzi mengine yote yatakuwa mepesi.

Watu wengi wanadhani deki za bei zilikufa kwa sababu strimingi ina picha nzuri zaidi. Hapana, haijawahi kuwa nzuri zaidi. Zilikufa kwa sababu ya namna zinavyotengenezwa. Ukiifungua hiyo Oppo yako ndani utakuta vitu viwili ambavyo hakuna kampuni ndogo inayoweza kujitengenezea yenyewe. Cha kwanza ni chipu kubwa inayofungua picha na sauti, yako imetoka MediaTek wa Taiwan. Cha pili ni leza. Na leza ya Blu-ray sio mchezo. Kwenye CD mistari ya data imepangana kwa umbali wa maikroni 1.6, kwenye Blu-ray ni maikroni 0.32. Unywele mmoja wa mtu una unene wa kama maikroni 70, maana yake kwenye upana wa unywele mmoja inapita mistari zaidi ya mia mbili, na lenzi inatakiwa ikae juu ya mmoja tu bila kutoka wakati diski inazunguka kwa kasi na inayumba, maana hakuna diski iliyonyooka kabisa. Lenzi yenyewe inaning'inia kwenye vinyaya vyembamba sana na koili zinaipandisha na kuishusha muda wote kufuata hiyo yumba. Mashine ya kutengeneza kitu kama hicho ni ya mabilioni, na kinauzwa rahisi kwa sababu moja tu, kwamba kiwanda kinatoa mamilioni kwa mamilioni.

Na hayo mamilioni hayakuwa yanaenda kwenye deki kama yako. Yalikuwa yanaenda kwenye deki za dola mia, kwenye kompyuta, kwenye PlayStation. Yaani mnunuzi wa deki ya bei rahisi ndiye alikuwa anamlipia mnunuzi wa deki ya bei ghali bila kujua. Huyo wa bei rahisi ndiye aliyehama. Netflix walianza strimingi 2007, tivii zikaanza kuja na programu ndani, mtu akiona filamu inafunguka kwa kubonyeza rimoti hana tena sababu ya kununua deki. Siku alipoondoka yeye, wa juu naye akabaki hana pa kusimamia. Oppo walikuwa wanauza 203 kwa dola 549 na kaka yake 205 kwa dola 1,299, na kwenye kila moja wanatakiwa walipie leseni za Blu-ray, za Dolby, za DTS na kadhalika. Hesabu ikikataa inakataa, hata kama unasifiwa kila mahali.

Kuna kisa kimoja nakipenda kwa sababu kinaonyesha jinsi wote walivyokuwa wanategemea chanzo kimoja. Mwaka 2010 kampuni ya Lexicon ilitoa deki ya Blu-ray inaitwa BD-30, bei zaidi ya dola 3,000. Wakaguzi wakafungua bodi wakakuta ndani imekaa Oppo BDP-83 nzima nzima, ya dola 500, imevalishwa boksi jipya. Sikwambii hivi umcheke mtu, nakwambia ili ujue kwamba kwenye hizi mashine uzito wa boksi na bei ya nje havikwambii chochote kuhusu kilicho ndani. Utalikumbuka hili tukifika kwa rafiki yako.

Wengine wataniuliza mbona santuri zimerudi, si zilikufa pia? Ni kweli, mwaka 2022 Marekani ziliuzwa santuri kama milioni 41 na CD kama milioni 33, mara ya kwanza santuri kuipita CD kwa idadi tangu 1987. Lakini angalia, mashine ya santuri ni mota, mkanda, sahani na mkono wenye sindano. Fundi mzuri mwenye mashine ya kukereza chuma anaweza kuitengeneza kwenye karakana yake, na wapo wanaofanya hivyo Uingereza, Ujerumani, Japani. Leza ya Blu-ray hakuna karakana itakayoitoa. Ndio maana santuri inaweza kufa ikafufuka, ila kiwanda cha leza kikizimwa kimezimwa. Hilo ndilo linaloniuma mimi kwenye hii habari nzima, tena sana, kwa sababu mashine nzuri zilizopo sasa hivi ndio hizo hizo, zinapungua tu.

Haya, turudi kwa kijana wako. Anasema strimingi ni sawa sawa na diski. Hapa lazima tutenganishe filamu na muziki maana jibu sio moja.

Kwenye filamu, hapana, sio sawa. Diski ya 4K inaruhusiwa kupitisha hadi megabiti 128 kwa sekunde, na filamu nyingi zinakaa kwenye 50 mpaka 80. Netflix wao wanapendekeza uwe na intaneti ya megabiti 15 kwa 4K. Tofauti unaiona wapi? Usiku, kwenye moshi, kwenye maji ya bahari yanayotembea, kwenye ukuta uliofifia rangi taratibu. Strimingi pale inaanza kutoa vimraba vimraba na michirizi, diski inatulia. Na sauti ndio zaidi, diski inabeba sauti kamili isiyopunguzwa, strimingi hata ile ya Atmos, ya sauti inayokuzunguka, mara nyingi imebanwa. Kama una tivii ndogo na unasikilizia spika za tivii hutaona kitu na kijana yuko sahihi. Kama una tivii kubwa, risiva na sabufa, utaona bila kuambiwa.

Halafu kuna hesabu ya bando. Megabiti 15 kwa sekunde ni karibu GB 7 kwa saa. Filamu ya saa mbili ni kama GB 14, kwa mtu wa bando la simu hilo ni balaa. Kama umefungiwa faiba nyumbani isiyo na kikomo hapo sawa, mwache kijana aangalie.

Kwenye muziki mambo yamebadilika na lazima niseme ukweli. CD inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila moja, chaneli mbili, jumla kilobiti 1,411 kwa sekunde. Zamani Spotify ya kulipia ilikuwa inaishia kilobiti 320 na watu wa CD tulikuwa na hoja. Apple Music waliweka muziki usiopunguzwa bila kuongeza bei mwaka 2021, Spotify wakaanza nao 2025. Wimbo ule ule, masta ile ile (yaani rekodi mama), uliotumwa bila kupunguzwa, ni namba zile zile za CD. Usibishane na kijana kwenye hilo, utashindwa.

Mbishie kwenye jambo lingine. Mwambie atafute huko strimingi zile taarabu zako na dansi lako la zamani. Baadhi atazipata, tena nyingine safi. Lakini nyingi hatazipata, au atapata toleo la wimbo ule lililorekodiwa upya miaka ya baadae, au lililochukuliwa kwenye kaseti lina mvumo mwanzo mwisho. CD ambazo zilichapwa kidogo na msambazaji wa hapa nyumbani au wa Mombasa, afu msambazaji akafunga duka, wewe unaweza ukawa mmoja wa watu wachache waliobaki na nakala inayosikika. Na hata kilichopo strimingi sio chako, umekodishiwa. Jimbo la California limepitisha sheria, inafanya kazi tangu Januari 2025, kwamba duka la mtandaoni haliruhusiwi kumwambia mteja "nunua" bila kumweleza wazi kwamba anachopata ni leseni tu. Mpaka imetungiwa sheria ujue watu waliumia.

Kwa hiyo CD usiuze hata moja.

Sasa deki yenyewe. Umenipa dalili nzuri sana, inasoma CD na DVD ila 4K inagoma, tena ilianza taratibu. Hiyo inatuambia mota ni nzima, trei nzima, pawa nzima. Kila aina ya diski inatumia mwanga wake, CD mwanga wa nanomita 780, DVD 650, Blu-ray 405 ambao ni wa bluu kuelekea zambarau. Mwanga wa Blu-ray ndio unaoyumba kwa kitu kidogo kabisa, ukungu kidogo tu kwenye lenzi CD haijali, Blu-ray inakataa. Na sisi tunaokaa pwani, kati ya chumvi ya hewani, unyevu wa masika, vumbi la kiangazi na moshi wa mafuta kama jiko liko karibu na sebule, lenzi inapata utando ambao hata kwa macho unauona kwa shida. Fundi akiona haisomi anasema leza imekwisha. Inawezekana kweli imekwisha, ila mara nyingi ni chafu tu, na huwezi kujua mpaka uisafishe.

Kabla ya kufungua chochote fanya majaribio haya ya bure. Weka Blu-ray ya kawaida, sio 4K, uone. Halafu jaribu 4K tofauti tofauti. Diski za 4K za GB 66 zina tabaka mbili za data, za GB 100 zina tabaka tatu, na kadiri tabaka linavyozidi ndivyo leza inavyopata kazi. Kama Blu-ray ya kawaida inasoma na baadhi ya 4K zinasoma ila nyingine hapana, nina matumaini makubwa ni uchafu. Kama hata ya kawaida imekataa kabisa, matumaini yanapungua lakini hayajaisha. Pia angalia kama programu ya deki ni toleo la mwisho lililotolewa na Oppo, maana diski mpya wakati mwingine inagoma kwa sababu ya funguo za ulinzi wa kunakili tu na leza haina kosa lolote. Na futa diski zenyewe kwa kitambaa laini, ukitoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Ukizungusha ukaacha mkwaruzo unaofuata mstari wa data, umeharibu kipande kirefu mfululizo. Mkwaruzo unaokata mistari kwa upande mashine inausahihisha yenyewe, kwenye CD inaweza kurudisha data iliyopotea kwenye kipande cha mpaka kama milimita 2.5 bila wewe kusikia chochote.

Kusafisha lenzi ni kazi ya fundi, na hapa ndipo nasema tafuta mtu ana kwa ana. Usifungue mwenyewe kama hujazoea, pawa saplai iko humo humo ndani na kapasita zake zinabaki na umeme hata ukishachomoa waya. Tafuta fundi aliyezoea deki na redio, sio wa simu. Mwambie hivi: apulize vumbi kwanza kwa pampu ya mkono, sio kwa mdomo maana mate yanaruka. Halafu achukue pamba ya masikio mpya, ailowanishe kidogo kwa isopropili (spiriti safi ya kusafishia) ya asilimia 99, iwe na unyevu tu isichuruzike, apitishe juu ya lenzi kama vile haigusi. Akandamize kidogo tu vile vinyaya vinapinda na habari imeishia hapo. Asitumie thina wala asetoni, lenzi nyingi ni za plastiki zinayeyuka, wala spiriti ya dukani yenye manukato, inaacha utando mwingine. Zile CD za kusafishia zenye vibrashi chini nazo sizipendi kwa deki ya Blu-ray.

Sasa yule wa kupandisha nguvu. Kwenye leza nyingi za CD na za PlayStation za zamani kuna kiskrubu kidogo kinachopanga umeme unaoingia kwenye leza. Mafundi wetu walijifunza kukizungusha, umeme unapanda, mwanga unaongezeka, diski inasoma, mteja anafurahi analipa anaondoka. Lakini leza ikisukumwa zaidi ya kipimo chake inaungua polepole, wiki kadhaa mbele inakufa jumla na hapo hakuna tena cha kusafisha. Kama tatizo lako lilikuwa uchafu, utakuwa umeua leza nzima kwa elfu thelathini. Ndio maana nimekuzuia mapema.

Huyu wa laki nne na nusu sio mtu mbaya, ila umuulize maswali. Anachoagiza ni leza tupu au drive nzima pamoja na mota? Ni mpya au imetolewa kwenye deki iliyokufa? Leza imewekwa kinga ya umeme tuli wakati wa kusafirisha, na anajua kuitoa? Akibabaika kwenye la mwisho, mshukuru uende zako, umeme tuli wa mkononi tu unatosha kuiua leza mpya. Na mkubaliane malipo ya mwisho yawe baada ya kuangalia filamu ya GB 100 mpaka mwisho kabisa. Diski inaanza kusomwa ndani kwenda nje na tabaka nyingine zinakuja baadae, kwa hiyo dakika kumi za mwanzo hazithibitishi kitu.

Je inalipa? Mimi ningefanya hivi. Kwanza nisafishe. Ikipona, nimeokoa laki nne. Isipopona, kwa Blu-ray 40 tu ningefikiria mara mbili, kwa sababu leza ya kuokoteza huna uhakika nayo. Panasonic DP-UB820 picha yake ya 4K haina aibu kabisa mbele ya Oppo, Marekani inauzwa kama dola 500, hapa nyumbani piga na usafiri na ushuru. Kasoro yake haichezi SACD, zile CD maalumu za sauti ya kiwango cha juu, kama unazo hizo ujue. Njia ya rahisi zaidi muulize kijana wako, kama ana PS5 yenye sehemu ya diski basi deki ya 4K mnayo tayari ndani ya nyumba, inacheza Blu-ray zote za 4K. Ila CD haichezi hata moja, watu wengi hili hawalijui mpaka wamenunua.

CD player ya milioni tatu, ndugu yangu, hapana. Rafiki yako anakutakia mema ila hiyo hela haina kazi hapo. CD ikisomeka vizuri, namba zinazotoka ni zile zile iwe mashine ya laki moja au ya milioni kumi. Tofauti inaanza pale namba zinapogeuzwa kuwa sauti na kwenye pawa saplai, na tofauti hiyo ipo, sikatai, ila ni ndogo sana ukilinganisha na tofauti ya spika na jinsi chumba chako kilivyo. Hizo milioni tatu ziweke kwenye spika nzuri na zulia nene na mapazia, utanikumbuka. Halafu kuna hatari nyingine, mashine nyingi za CD za bei kali zilijengwa kwenye kifaa kimoja cha kusomea diski cha Philips kinaitwa CD-Pro2, nacho kilishaacha kutengenezwa. Leo kuna watu duniani wana mashine za maelfu ya dola zimekaa kimya zinasubiri spea. Ukiona mtu anakuuzia CD player ya bei, swali la kwanza muulize ndani kuna leza gani na spea inapatikana wapi. Akisema hajui usinunue.

Kazi ya haraka kuliko zote sijaisema bado, nayo ni kunakili hizo CD 300. Anza wiki hii kama unaweza. Tafuta drive ya nje ya kompyuta ya kuchomeka USB, na programu ya Exact Audio Copy ambayo ni bure, hifadhi kwa FLAC ambayo haipunguzi chochote. Albamu moja inakula kama MB 300 mpaka 400, zote zitaingia kwenye kama GB 100 na ushee, flashi ya GB 256 inatosha na chenji inabaki. Programu inaweza kulinganisha nakala yako na za watu wengine duniani kuhakikisha haina kosa, ila CD za kwetu nyingi hazimo kwenye orodha yao, kwa hiyo tumia ile njia ya kusoma wimbo mara mbili na kulinganisha, namba za uhakiki zikifanana umemaliza. Weka nakala mbili, moja kwako nyingine kwa ndugu nyumba nyingine.

Anza na zile zilizochomwa. Geuza CD uangalie chini, ikiwa fedha safi imechapwa kiwandani, ikiwa na rangi ya kijani au bluu imechomwa kwenye kompyuta. Za kuchomwa zina rangi ya kemikali inayofifia, joto na jua letu vinaiharakisha, na CD nyingi zilizouzwa mitaani kwetu ni za hivyo. Hizo hazikusubiri.

Na sasa sikia jambo zuri. Hiyo Oppo yako inacheza FLAC moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kwa sauti ile ile uliyoizoea, bila leza kugusa chochote. Hata ikitokea leza ya bluu imekufa kabisa na hukuibadilisha, bado una mashine nzuri sana ya muziki. Tena nyuma ina tundu la HDMI la kuingiza, hilo boksi la strimingi la kijana unalichomeka hapo hapo na mambo yote yanapita kwenye deki moja. Oppo hawakuweka programu za strimingi ndani ya 203, kwa hiyo huna haja ya kuogopa kwamba kuna programu ya strimingi itakayozeeka ndani kwa kukosa apdeti. Iweke mahali penye hewa, mbali na jiko, isikae chini ya risiva inayochemka, na iwe kwenye stabilaiza maana umeme wetu ukirudi unarudi na hasira.

Mwisho, kama kaka yako bado anakununulia filamu, za 4K hazina mipaka ya nchi, popote atakaponunua zitacheza. Blu-ray za kawaida za Uingereza ziko kundi B kama sisi, hizo sawa. Za Marekani ni kundi A na nyingi zitakataa. DVD za Uingereza ni kundi la 2 wakati sisi ni la 5, kwa hiyo deki yako kwa kuwa imetoka kule itacheza za kule na itagomea za huku zenye alama hiyo, zisizo na alama zinacheza kokote. Ukishasafisha lenzi niandikie diski zipi zimesoma na zipi zimegoma, taja na GB zake kama zimeandikwa, nitakwambia kama ni wakati wa kumtafuta yule wa laki nne na nusu.